Jinsi Waislamu wa Uganda Walivyopata Watu wa Kalamu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ni desturi njema ya vijitabu vya ukumbusho kuwataja waliotoa ardhi, waliojenga misikiti na walioshika uongozi. Lakini yako mambo yasiyoandikwa katika mawe ya msingi, nayo ndiyo yaliyobeba jengo zima: mwalimu aliyemtafutia mwanafunzi wake nafasi ya shule, karani aliyewapelekea wenzake habari ya kazi, na jamaa waliompokea kijana wa mbali akalala kwao mpaka akamaliza mtihani. Makala haya yaeleza jinsi Waislamu wa Uganda walivyopata walimu, mawakili na madaktari wao, na jinsi watu hao walivyojifunza kushikana mikono. Ndani yake mna mazingatio kwa kila jumuiya ya Kiislamu, iwe kubwa au ndogo.

Na ajue msomaji kwanza kwamba Waislamu wa nchi hiyo hawakuanza nyuma. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, katika enzi ya Kabaka Suna wa Pili, kwa mkono wa wafanya biashara waliotoka pwani. Aliyetajwa kuwa wa kwanza wao ni Ahmed bin Ibrahim. Wakati huo hakukuwa na misheni hata moja katika nchi. Kabaka Mutesa wa Kwanza, mwana wa Suna, alijifunza herufi za Kiarabu, na tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuamrisha watu wake wafunge. Basi kalamu ya kwanza iliyoshikwa katika baraza la Kabaka ilikuwa kalamu ya Muislamu, na vijana wa kwanza walioitwa wasomaji waliisoma Kurani.

Wala imani yao haikuwa ya mdomo tu. Mwaka 1876 Mutesa aliamrisha vijana wengi Waislamu wauawe, kwa kuwa walikataa kula nyama ya machinjo yasiyokuwa ya Kiislamu na walikataa kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa. Damu hiyo inakumbukwa mpaka leo.

Kilichowatoa Waislamu katika safu ya mbele hakikuwa uvivu wa akili. Kilikuwa ni vita. Mwaka 1888 Waislamu walimtawaza Kabaka Kalema, wakaitawala Buganda kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kisha wakashindwa na majeshi ya Wakristo, na katika mwaka 1893 wakashindwa tena mbele ya Waingereza. Kiongozi wao, Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, alipelekwa Unguja mwaka huo, akarejeshwa mwaka 1895. Ulipotiwa saini Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900, Mbogo na wafuasi wake walipewa maili mraba 24 za ardhi, na katika wilaya zote za Buganda Waislamu walipata ukubwa wa wilaya moja tu, nayo ni Butambala. Vyeo vingine vyote viligawanywa baina ya Waprotestanti na Wakatoliki.

Hata hivyo, hasara ya ardhi si kubwa kama hasara ya shule. Katika miaka iliyofuata misheni zilijenga shule kubwa ambazo ndizo zilizotoa machifu, makarani na waganga wa nchi: Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, King's College Budo na Kisubi mwaka 1906. Serikali yenyewe ilikaa miaka mingi bila ya kuwa na idara ya elimu. Idara hiyo iliundwa mwaka 1925 tu. Kabla ya hapo, aliyetaka mwanawe asome alikuwa hana budi kumpeleka kwa mapadre, na mlango wa padre ulikuwa na kizingiti chake: sala ya asubuhi, masomo ya dini yao, na mara nyingi jina jipya. Mzazi Muislamu alisimama baina ya mambo mawili mazito. Akimpeleka mtoto, aliogopa kumpoteza. Akimzuia, alijua anamfungia njia ya kazi za heshima. Wengi walizuia. Wengine walipeleka, na katika hao wako waliorudi nyumbani na majina ambayo babu zao hawakuyajua.

Ndipo Waislamu wakaingia katika kazi zisizotaka cheti. Walikuwa wachinjaji, kwa kuwa nyama waliyoichinja ililiwa na watu wa dini zote. Walikuwa madereva, wachuuzi, na wauzaji wa ngozi. Na wale Wanubi waliotokana na askari wa Emin Pasha walikuwa katika jeshi. Kazi hizo ni halali na zilileta riziki, na wachinjaji na madereva ndio waliochanga fedha za misikiti mingi. Lakini mchinjaji tajiri alipokwenda ofisini kusajili kiwanja chake alimkuta karani asiyemjua, alipougua alimkuta daktari asiyemjua, na alipokuwa na kesi hakuwa na wakili wa kumweleza sheria. Jumuiya yenye fedha bila ya kalamu ni kama mtu mwenye mikono miwili yenye nguvu na macho yaliyofumbwa.

Haki yataka pia kosa la ndani litajwe. Baada ya kufa kwake Mbogo mwaka 1921, Waislamu wa Buganda waligawanyika kwa miaka mingi juu ya uongozi, na juu ya suala la kusali adhuhuri baada ya sala ya Ijumaa. Masheikh wa upande mmoja hawakusali nyuma ya masheikh wa upande wa pili, na ndoa na mazishi yaliingia katika ugomvi. Na mwaka uliofuata kifo cha Mbogo, yaani 1922, ndio mwaka ilipofunguliwa Makerere. Wakati wenzao wakihesabu vijana wa kupeleka katika chuo hicho, Waislamu walikuwa wakihesabu rakaa za wapinzani wao. Na katika chuo nyingi mtoto alihifadhi Kurani kwa sauti nzuri, lakini hakufundishwa hesabu wala Kiingereza; na mtoto wa kike mara nyingi hakufundishwa hata hayo machache.

Aliyechukua mzigo wa kuyatengeneza mambo hayo ni Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, mwana wa Mbogo, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1991. Pamoja naye walikuwako Waislamu wachache waliokwisha kupata elimu ya shule, na miongoni mwao alijulikana zaidi Ramadhan Gava, mwalimu aliyetoa umri wake kwa shule za Waislamu. Mwaka 1944 kiliundwa Chama cha Elimu ya Waislamu wa Uganda, kilichojulikana kwa herufi zake UMEA. Kazi yake ilikuwa kuanzisha shule ambamo mtoto angesoma hesabu, Kiingereza na sayansi bila ya kuuza jina lake, na kuzisemea shule hizo mbele ya Serikali.

Hapa pana fundo ambalo msomaji inampasa kulielewa vyema, kwani ndilo lililochelewesha maendeleo kuliko ufukara. Serikali ilisaidia kwa fedha shule zilizokuwa na walimu wenye vyeti. Vyeti vilipatikana katika vyuo vya ualimu. Vyuo vya ualimu vilikuwa mikononi mwa misheni. Basi shule ya Kiislamu haikupata msaada kwa kuwa haikuwa na walimu, na haikuwa na walimu kwa kuwa hakukuwa na wanafunzi Waislamu waliomaliza shule, na wanafunzi hawakumaliza kwa kuwa shule zao hazikuwa na msaada. Ni duara lisilokuwa na mwanzo. Fedha peke yake hazikuweza kulivunja, wala hotuba. Lilitaka mtu wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, kila mmoja amvute aliye nyuma yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu mmoja mwenye cheti alikuwa na thamani kuliko jengo, kwa sababu jengo bila ya mwalimu ni ghala. Kakungulu alitoa ardhi yake katika kilima cha Kibuli, na hapo ulijengwa msikiti uliofunguliwa mwaka 1951 na Prince Aly Khan, ambaye ndiye aliyeweka jiwe lake la msingi mwaka 1941. Kuuzunguka msikiti huo zikaota shule, na katika miaka ya 1950 chuo cha ualimu, na mwaka 1959 shule ya sekondari. Mwaka 1954 ilianzishwa shule ya wasichana ya Nabisunsa, ili binti wa Kiislamu naye awe mwalimu na muuguzi. Chuo cha ualimu kilipoanza kutoa walimu, duara lilikatika. Mwalimu aliyetoka Kibuli alikwenda Butambala au Busoga, akaanza na watoto chini ya paa la manyasi, na baada ya miaka michache aliwaleta waliofaulu Kibuli, nao wakaenda mbele kuliko yeye.

Msaada ulitoka nje vilevile. Mwaka 1945 iliundwa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, kwa juhudi ya Aga Khan Sultan Mohamed Shah. Kanuni yake ilikuwa kwamba Waislamu wa mahali wachange kwanza, kisha Aga Khan atoe kiasi sawa na walichochanga. Kanuni hiyo ilikuwa na hekima, maana iliwanyima wavivu udhuru. Na huko Mombasa kilijengwa chuo cha ufundi cha Waislamu kwa fedha za Aga Khan, za Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja, za jamaa wa Bohora na za Serikali ya Uingereza. Masomo yalianza mwaka 1951, kwa vijana wa nchi zote za Afrika Mashariki, wapate ufundi wa mashine, umeme na ubaharia. Chuo hicho kilibadilika majina, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Lakini kijana wa Uganda aliyetaka kufika huko alihitaji mtu wa kumwambia kwamba chuo kiko, mtu wa kumjazia fomu, na nauli. Ni mtandao wa watu uliomfikisha kijana mlangoni. Fedha za wakubwa zilimngoja ndani.

Wako waliopita katika shule za wengine na bado wakabaki na majina yao. Mashuhuri zaidi ni Abubakar Mayanja, aliyejulikana kwa jina la Abu Mayanja, aliyesoma Budo na Makerere, akawa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress mwaka 1952, akaenda Cambridge, akarudi wakili, na akawa waziri wa elimu wa Buganda. Waislamu walijivunia, na walikuwa na haki. Walakini wakili mmoja hawezi kusimama katika mahakama zote, na kidole kimoja hakivunji chawa. Kilichohitajika ni idadi, na idadi hailetwi na fahari ya mtu mmoja.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 yalikuja majaribio ya namna nyingine. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1963 Serikali ilichukua usimamizi wa shule zilizosaidiwa kwa fedha zake, na milango ikafunguliwa kwa watoto wa dini zote; jambo hilo liliwafaa Waislamu, ijapokuwa UMEA ilipungukiwa na mamlaka. Lakini mwaka 1965 kiliundwa chama cha NAAM, chenye kuungwa mkono na wakubwa wa Serikali ya Obote, kushindana na upande wa Kibuli, na misikiti ikagawanyika tena kwa sababu za siasa.

Kisha Idi Amin alishika utawala mwaka 1971. Mwaka 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, na Waislamu wengi walipewa vyeo ambavyo hawakupata kuviota. Mwaka huohuo Waasia walifukuzwa, wakiwamo Waislamu waliokuwa wamezisaidia shule na misikiti kwa miaka mingi. Baadhi ya waliopewa vyeo walistahiki. Wengine walipewa kwa jina tu, bila ya elimu ya kazi. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, vyeo vilianguka nao, na katika sehemu za magharibi ya nchi Waislamu wasiokuwa na hatia waliuawa na mali zao kuharibiwa, kana kwamba kila Muislamu alikuwa mshirika wa yaliyotendwa.

Somo la miaka hiyo ni chungu, na halifai kusahauliwa. Cheo kilichopatikana kwa upendeleo wa mtawala huondoka na mtawala, nacho huacha chuki nyuma yake. Elimu iliyopatikana kwa miaka ya jasho haiondolewi na mapinduzi. Mwalimu wa mwaka 1978 aliyekuwa na cheti chake alibaki kuwa mwalimu mwaka 1980, na muuguzi alibaki muuguzi. Wale ndio waliowakusanya watu na kuanza upya.

Na kweli walianza. Chuo Kikuu cha Kiislamu, ambacho nchi za Kiislamu ziliazimia kukijenga katika mkutano wao wa Lahore wa mwaka 1974, kilifunguliwa Mbale tarehe 10 Februari 1988, kikiwa na wanafunzi 80. Mwaka huohuo wa 1988 madaktari na wauguzi Waislamu waliunda chama chao, kijulikanacho kwa herufi IMAU, na kwa miaka mingi kiliongozwa na Profesa Magid Kagimu. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kuwa na watu wa kalamu wengi waliofungamana, badala ya mmoja mmoja aliyetawanyika.

Wakati ule Ukimwi ulikuwa ukizimaliza nyumba. Serikali ilikuwa na mabango, na redio ilikuwa na matangazo, lakini katika vijiji watu walimsikiliza imamu. Imamu alikuwa na masikio ya watu, naye hakuwa na maarifa ya ugonjwa. Daktari alikuwa na maarifa, naye hakuwa na masikio ya watu. Mwaka 1989 madaktari wa IMAU walikaa na masheikh waliotoka katika wilaya za nchi nzima, pamoja na Mufti, wakakubaliana kupigana jihadi juu ya ugonjwa huo. Tangu mwaka 1992 walianza kuwafundisha maimamu, kwanza katika wilaya chache, na kila imamu alikuwa na wasaidizi, mwanamume na mwanamke, waliokwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na watu. Hapo mwanzo masheikh wengi hawakupenda kondomu zitajwe. Baada ya majadiliano, jambo hilo lilipewa mahali pake kwa adabu ya dini. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la Ukimwi, UNAIDS, lilichapisha habari za kazi hiyo ili nchi nyingine zijifunze kwayo.

Na azingatie msomaji: kama mwaka 1944 hakukuwa na walimu waliokubali mshahara mdogo katika shule za manyasi, mwaka 1988 hakungekuwa na madaktari wa kuunda chama. Miaka 44 ilipita baina ya mbegu na tunda. Waliopanda, wengi wao hawakuonja.

Historia hii yafundisha mambo manne kwa jumuiya inayotaka kuwasaidia wenye elimu wake. La kwanza, jumuiya iwajue watu wake: ni nani mwalimu, ni nani muuguzi, ni nani fundi, ni nani karani, na yuko wapi. Haiwezekani kuomba msaada wa mtu ambaye jina lake halimo katika daftari. La pili, kila aliyepita mlango aushike usijifunge, mpaka apite aliye nyuma yake. Naye afanye hivyo kwa kumwelekeza, kumsomesha na kumpa makazi, si kwa kumpa kazi asiyoiweza. La tatu, fedha za ada ziwe na hesabu iliyo wazi, inayosomwa mbele ya watu, kwani hakuna kinachovunja mchango upesi kama shaka. La nne, binti ahesabiwe sawa na kijana, maana jumuiya iliyoelimisha nusu ya watoto wake imejinyima nusu ya nguvu zake.

Wala kusaidiana huku kusidhaniwe kuwa ni kuwatenga wengine. Uislamu wakataza dhuluma hata kwa mtu usiyempenda. Daktari Muislamu ambaye humtibu Muislamu vizuri na jirani yake vibaya ameitia aibu dini aliyodhani anaitumikia. Waganda wa dini zote walikula nyama ya mchinjaji Muislamu kwa kuwa waliuamini mkono wake. Basi mwalimu, wakili na mhandisi Muislamu naye ajenge uaminifu kama ule, watu waseme kwamba kazi yake ni safi.

Na katika kila mji wako leo vijana waliomaliza masomo yao, wanaosali katika safu moja kila Ijumaa, na hakuna amjuaye mwenzake hufanya kazi gani. Dawa yake haihitaji fedha nyingi: ni daftari moja, mkeka mmoja baada ya sala, na mtu mmoja mwenye subira wa kuuliza. Kibuli palianza na watu wachache kuliko hao.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wanaotajwa na wasiotajwa, awazidishie elimu yenye manufaa waliobaki, na azifungamanishe nyoyo zao katika kheri. Amin.